Sala ya Malaika wa Bwana wakati wa mahangaiko

Malaika wa Bwana husaliwa mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, kengele inapolia. Papa Paulo VI aliihimiza katika Wosia wa Kitume *Marialis Cultus* wa mwaka 1974. Kipindi cha Pasaka husaliwa Malkia wa Mbingu.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na aliyekwisha kupanda uwele hutazama mawingu yakipita, moyo usitulie. Kengele ya adhuhuri iliapo, aweke jembe chini, avute pumzi, asali Salamu Maria tatu polepole, akinyamaza kidogo baada ya kila moja. Wengi huzikimbiza kama walipao deni! Sala hii si hirizi ya kuita mvua. Naye akosaye usingizi majuma kadhaa amwone pia daktari.