Kwa nini watu hupiga miayo?

MIAYO humjia mtu bila kukusudia: kinywa hufunguka, pumzi ndefu ikavutwa kisha ikatolewa. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa chanzo chake ni upungufu wa oksijeni mwilini. Hata hivyo, mwaka 1987 mtafiti Robert Provine wa Marekani na wenzake walibaini kwamba kuvuta oksijeni tupu hakupunguzi miayo. Isitoshe, hata mtoto aliye tumboni, asiyevuta hewa, hupiga miayo.

Aghalabu miayo huandamana na usingizi, uchovu au kuchoshwa na jambo. Aidha huambukiza, kumwona mwenzako akipiga kwatosha.

Dereva apigaye miayo mfululizo anafaa kuegesha gari mahali salama na kulala kidogo. Kufungua dirisha hakuondoi usingizi.