Uraia unaobishaniwa: Chanzo cha mzozo wa Wakongomani wanaozungumza Kinyarwanda na serikali yao

Mtu aliyezaliwa Masisi mwaka 1945, kwa wazazi walioletwa na Wabelgiji kutoka Rwanda kufanya kazi ya mashamba, huenda hakuwahi kuhama kijiji chake. Hata hivyo, kabla hajatimiza miaka 40, sheria za nchi yake zilikuwa zimekwisha kumtilia shaka, kumkubali na kumkataa. Mwaka 1964 uraia wake ulikuwa na utata, mwaka 1972 akawa raia kamili, na mwaka 1981 uraia huo ukafutwa.

Mzozo kati ya Wakongomani wanaozungumza Kinyarwanda na serikali kuu ya Kinshasa hutajwa zaidi inapolia mitutu ya bunduki. Lakini nyuma ya majina ya makundi ya waasi na ya miji inayotekwa na kukombolewa, lipo swali moja la kisheria ambalo kwa zaidi ya miaka 60 halijapata jibu linalokubaliwa na wote: ni nani Mkongomani, na kuanzia tarehe gani?

Ni watu gani wanaozungumziwa

Jina "Wanyarwanda wa Kongo" limebeba ndani yake watu wenye historia zinazotofautiana, na kuwachanganya kumechangia kuukuza mzozo wenyewe.

Wa kwanza ni wenyeji wa Bwisha, katika wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini. Hawa hawakuhamia Kongo. Ni mpaka uliopita juu yao. Madola ya kikoloni yalipokubaliana mwaka 1910 kuhusu mipaka ya eneo hilo, baadhi ya watu waliozungumza Kinyarwanda walijikuta upande wa Kongo ya Kibelgiji, ilhali ndugu zao walibaki upande wa Rwanda, iliyokuwa chini ya Wajerumani.

Wa pili ni Banyamulenge, wafugaji wa asili ya Kitutsi wanaoishi katika nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga, Kivu Kusini. Wanahistoria wengi wanasema mababu zao walikuwa wamekwisha kufika huko katika karne ya 19. Jina lao linatokana na mahali paitwapo Mulenge, na lilienea katika miaka ya 1970, wakati jamii hiyo ilipotaka kujitofautisha na wakimbizi waliowasili baadaye kutoka Rwanda.

Wa tatu ni makumi ya maelfu ya Wahutu na Watutsi waliohamishwa na utawala wa Kibelgiji kati ya mwaka 1937 na 1955, hasa kupelekwa Masisi, ambako walowezi walihitaji nguvu kazi. Wa nne ni wakimbizi, wengi wao Watutsi, waliokimbia machafuko ya Rwanda kuanzia mwaka 1959.

Tarehe inayosogezwa mbele na nyuma

Kati ya mwaka 1964 na 2004, sheria za Kongo zilitaja mara tano tarehe ya kumpima mwananchi, na kila mara tarehe hiyo ilikuwa tofauti au ilisomwa kwa maana tofauti.

Katiba ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti 1964 ilisema Mkongomani ni yule ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokuwa limeweka makazi nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Kipimo hicho kiliwafaa watu wa Bwisha, lakini kiliwaacha mashakani walioletwa na Wabelgiji.

Amri ya Machi 1971 iliwatambua kwa pamoja watu wote wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kongo siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Mwaka mmoja haukupita kabla ya kurekebishwa: sheria ya tarehe 5 Januari 1972, katika kifungu chake cha 15, ilirudisha kipimo nyuma hadi tarehe 1 Januari 1950 kwa waliokuwa wakiishi Kivu. Wakati huo mkurugenzi wa ofisi ya Rais Mobutu Sese Seko alikuwa Barthélemy Bisengimana, Mtutsi, na jamii jirani ziliiona sheria hiyo kuwa ni tunda la ushawishi wake.

Bisengimana aliondoka madarakani mwaka 1977. Miaka minne baadaye, sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilikifuta kifungu cha 15 na kudai uthibitisho wa mababu waliokuwapo nchini tarehe 1 Agosti 1885, wakati mipaka ya nchi hiyo ilikuwa bado haijachorwa kikamilifu. Waliokuwa raia kwa pamoja walitakiwa sasa kuomba uraia mmoja mmoja. Sheria hiyo haikutekelezwa kikamilifu, lakini ilimpa kila mpinzani wa kisiasa silaha ya kumwambia mwenzake kwamba si wa hapa.

Kilichofichwa ndani ya tarehe: ardhi

Uraia umeendelea kubishaniwa Kivu kwa sababu ndio ufunguo wa mambo mengine. Kwa desturi, ardhi hugawiwa na chifu, na jamii isiyo na uchifu wake hulima na kuchunga kwa idhini ya wengine. Sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, jambo lililowawezesha wenye fedha na vyeo, wakiwamo baadhi ya Wanyarwanda waliopata uraia mwaka uliotangulia, kujipatia mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi.

Kwa Wahunde wa Masisi, hasara ilikuwa dhahiri. Katika muda wa kizazi kimoja walijikuta wachache katika ardhi ya mababu zao, na walijua kwamba uchaguzi wowote huru ungewapokonya pia uongozi. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, kama yalivyokuwa ya kweli malalamiko ya watu waliozaliwa Masisi na kuambiwa warudi Rwanda, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Kutoka sheria hadi vita

Umwagaji damu haukuanza miaka ya 1990. Masisi ilishuhudia mapigano yaliyoitwa vita vya Kanyarwanda katikati ya miaka ya 1960. Katika kipindi hicho hicho, uasi wa Simba ulipofika nyanda za juu za Kivu Kusini, Banyamulenge walisimama upande wa jeshi la serikali kuu, huku majirani zao wengi wakiwa upande wa waasi. Chuki iliyobaki haijatoweka hadi leo.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea, suala la uraia lilitoka ofisini na kuingia mitaani. Wajumbe wa jamii zinazozungumza Kinyarwanda walizuiwa kushiriki Kongamano la Kitaifa mjini Kinshasa. Machi 1993, shambulio lililoanzia katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, lilifungua wimbi la mauaji lililosambaa hadi Masisi na kuua maelfu ya watu.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, zaidi ya watu milioni moja walivuka mpaka kuingia Kivu, wakiwamo wanajeshi wa utawala uliopinduliwa na Interahamwe wenye silaha. Tarehe 28 Aprili 1995, bunge la mpito mjini Kinshasa lilipitisha azimio lililowahesabu wazungumzaji wa Kinyarwanda kuwa wakimbizi na wahamiaji wanaopaswa kurudishwa kwao. Oktoba 1996, naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa Banyamulenge muda wa wiki moja kuondoka nchini.

Muda huo haukutimia kabla vita havijaenea. Muungano wa AFDL ulioongozwa na Laurent-Désiré Kabila, ukisaidiwa na Rwanda na Uganda, uliingia Kinshasa Mei 1997. Vita vya pili vilizuka Agosti 1998. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyochapishwa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa uliodaiwa kutendwa kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ukihusishwa na majeshi na makundi ya pande nyingi. Rwanda ilipinga yaliyoandikwa humo kuhusu jeshi lake.

Katika vita hivyo Banyamulenge hawakuwa na msimamo mmoja. Mwaka 2002 afisa wa kijeshi wa jamii hiyo, Patrick Masunzu, aliongoza wapiganaji wa Minembwe dhidi ya waasi wa RCD na jeshi la Rwanda lililowaunga mkono. Tukio hilo hutajwa mara kwa mara na wale wanaokataa dai kwamba kila azungumzaye Kinyarwanda ni askari wa nchi jirani.

Sheria ya mwaka 2004

Mazungumzo ya amani ya Sun City yalizaa kipindi cha mpito, na sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 ikaacha kuhesabu mababu wa mwaka 1885. Kwa mujibu wake, Mkongomani wa asili ni mtu wa kabila ambalo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo ilipopata uhuru. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilirudia maneno hayo katika ibara ya 10.

Kwa wanasheria wengi, mlango ulifunguliwa. Lakini utekelezaji ulikwama katika jambo dogo la kila siku: karatasi. Kongo haijafanya sensa tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Asiye na cheti cha kuzaliwa hutegemea ushahidi wa chifu, na chifu huyo aghalabu ndiye mpinzani wake katika suala la ardhi.

Minembwe ilionyesha jinsi jeraha lilivyo bichi. Septemba 2020 maafisa wa serikali waliizindua rasmi kama tarafa yenye utawala wake. Maandamano na lawama zilitanda nchini, wapinzani wakisema ni hatua ya kuigawa nchi. Siku chache baadaye Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufuta uamuzi huo. Tangu mwaka 2017 vijiji vingi vya nyanda hizo vimechomwa moto na ng'ombe kuporwa, katika mapigano ya makundi yenye silaha ya Banyamulenge na ya jamii jirani.

Kundi la M23 nalo lilichukua jina lake kutoka makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na waasi wa CNDP, likidai hayakutekelezwa. Liliteka Goma Novemba 2012, likashindwa mwaka uliofuata, likaibuka tena mwishoni mwa mwaka 2021, na kuiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inalisaidia. Rwanda inakanusha, na kuishutumu Kinshasa kwa kushirikiana na FDLR. Kwa Wakongomani wengi, vita hivyo ni uvamizi, wala si dai la haki za wachache.

Kinachotofautisha mzozo huu

Watu waliogawanywa na mipaka wapo kwingineko. Wabaluchi, waliojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki kama Wabulushi na kutumika katika majeshi ya masultani wa Oman na Zanzibar, wametawanyika kati ya Iran, Afghanistan na Pakistan. Tangu dola ya Kalat ijiunge na Pakistan mwaka 1948, Balochistan imeshuhudia maasi ya mara kwa mara. Lakini wapiganaji wa Kibaluchi wanadai kujitawala au kujitenga. Raia wa Kongo wanaozungumza Kinyarwanda wanadai kinyume chake: kutambuliwa kuwa ni wa nchi hiyo.

Waliopo Rwanda

Nchini Rwanda, swali hilo lina makazi. Kambi ya Kiziba, wilayani Karongi, ilifunguliwa mwaka 1996. Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa zilifuata baada ya mawimbi mapya ya wakimbizi. Wako watu wazima waliozaliwa humo, wanaozungumza Kiswahili cha Kivu walichorithi kwa wazazi, na ambao kwa sheria ya mwaka 2004 ni Wakongomani.

Makubaliano yaliyotiwa saini na Kongo na Rwanda mjini Washington tarehe 27 Juni 2025 yanataja kurejea kwa wakimbizi. Lakini wakati wa kurejea utakapowadia, mtu huyo atasimama mbele ya afisa wa serikali au chifu, mkononi akiwa na kitambulisho cha mkimbizi, na kuulizwa swali lile lile alilowahi kuulizwa babu yake: ni nani anayekujua hapa?