Stika ya daraja la 1

Wadau, juzi niliingia karakana moja ya mabango kufuatilia stori nyingine kabisa. Nikakuta mashine ya leza inakata plastiki huku mfuniko uko wazi, swichi yake imebanwa kwa selotepu. Ubavuni kuna stika: daraja la 1. "Kaka, hii ni salama, soma mwenyewe," fundi akaniambia. Nikaenda kuchimba hiyo namba imetoka wapi.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, Marekani, tarehe 16 Mei 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel wa Bell Labs akatengeneza ya gesi ya kabonidioksaidi, ambayo mwale wake hauonekani, na mwaka 1967 Mwingereza Peter Houldcroft akakata chuma kwa leza akisaidiwa na oksijeni. Sheria zilikuja nyuma, kama kawaida yake. Kiwango cha ANSI Z136.1 kilitoka 1973, masharti ya FDA kwa watengenezaji yakaanza Agosti 1976, na IEC ikatoa cha kimataifa mwaka 1984, ambacho leo kinaitwa IEC 60825-1.

Kilichonivutia ni kwamba madaraja yalipimwa kwa mwili wa binadamu. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1, kwa kuwa mtu hufumba jicho ndani ya robo sekunde. Mwale usiokatika ukizidi nusu wati, hilo ni daraja la 4, la juu kabisa: unachoma ngozi, unawasha moto, na hata ukirudi kutoka kwenye kitu kingine unaweza kuumiza jicho. Mashine za mabango huwa na wati 40 au zaidi. Na kwa kabonidioksaidi utafumba jicho kukwepa nini, wakati huuoni?

Sasa daraja la 1 limetoka wapi? Kanuni inapima mwale unaoweza kumfikia mtu mashine ikitumika ilivyokusudiwa, haipimi ule ulioko ndani. Sanduku likifungwa, na swichi ikizima leza mara mfuniko unapoinuliwa, mtu hafikiwi na kitu cha kumdhuru. Ndani humo leza imebaki ya daraja la 4. Kwa maana hiyo aliyebandika stika hakudanganya. Alikuwa anazungumzia mashine iliyofungwa.

Nilimpigia fundi nikamweleza yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo selotepu ndiyo imebadilisha daraja?"

Ndiyo, kaka.