Mwanga wa Kiwanda katika Nyumba za Mawe za Lamu

Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilizosimama hata leo zilijengwa katika karne ya 18, huonekana kutoka njiani kama ngome: kuta nene za matumbawe na chokaa, madirisha machache, na mlango uliojificha katika daka. Mgeni huweza kudhani kwamba wajenzi wake hawakujali mwanga. Dhana hiyo si sahihi. Waliutafuta mwanga juu, wala si kando.

Apitaye daka na tekani hutokea katika kiwanda, yaani ua mdogo usioezekwa, uliozungukwa na kuta ndefu. Baada ya kiwanda hufuata vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Wembamba wao ulitokana na boriti za mikoko, kwani haziwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi sana mita 3. Mwanga nao hupungua chumba kwa chumba. Msana wa tini, ulio wazi upande wa kiwanda, hupata mwingi. Ndani, penye faragha ya wenye nyumba, hufika kidogo tu, nao huokolewa na weupe wa chokaa ya ukuta wenye zidaka.

Aghalabu kiwanda kiliwekwa kaskazini ya vyumba. Lamu iko karibu nyuzi 2 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo katika joto la kaskazi, Desemba hadi Februari, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na misana hupata mwanga wa anga bila ukali wa jua. Mwezi wa Juni jua huwa kaskazini, lakini huwa juu sana hata lisiweze kupenya mbali.

Sayansi yaunga mkono busara hiyo. Mwaka 1942 Moon na Spencer walionyesha kwamba mbingu iliyotanda mawingu hung'aa utosini mara 3 kuliko pembezoni mwake.

Lugha nayo yashuhudia. Dirisha ni neno la Kiajemi lenye maana ya mlango mdogo. Roshani pia latoka katika neno la Kiajemi la mwangaza, ingawa kwetu limekuwa jina la baraza ya juu. Lakini mwanga, mwangaza na kuangaza ni ndugu wa anga. Kiwanda ni jamaa ya uwanda. Siku hizi wengi walisikiapo hufikiri mitambo.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hata hivyo, kuta pekee hazitoshi kuhifadhiwa. Kiwanda kikiezekwa kwa mabati, au kikijengewa chumba juu yake, msana hugeuka ghala, na taa huwashwa mchana. Hapo nyumba itakuwa imesimama, lakini maana ya vyumba vyake, pamoja na majina yao, itakuwa imezimika.