Masikio ya Kanda ya Ziwa: Historia ya Kutega Mawimbi hadi Nyasubi

Kituo cha nyumbani cha kusikiliza mawimbi hakitangazi neno lolote. Kazi yake ni kupokea. Kina antena juu ya paa, waya unaoshuka dirishani, na kipokezi kinachopekua masafa na kusimama pale sauti inapojitokeza. Kipokezi hicho ndicho skana. Katika kata ya Nyasubi, Manispaa ya Kahama, fundi mwenye kompyuta na vipande vya waya wa shaba anaweza leo kukiunda ndani ya chumba kimoja. Desturi yenyewe, hata hivyo, ina zaidi ya miaka 100 katika Kanda ya Ziwa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walisimamisha milingoti ya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Ujumbe wa Berlin ulirushwa kutoka Nauen na kupokelewa Kamina, Togo, ambako ulirushwa tena kuelekea makoloni mengine. Kamina ilipovunjwa Agosti 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani ilipoteza daraja lake kubwa la habari. Waingereza nao walijua thamani ya milingoti iliyobaki. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari Astraea ilishambulia kituo cha Dar es Salaam, na tarehe 22 na 23 Juni 1915 wanajeshi waliovuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu waliivamia Bukoba na kuuangusha mlingoti wake. Vita vilipiganwa kwa ajili ya uwezo wa kusikia mbali, na vilipiganwa hapa hapa ziwani.

Baada ya hapo kusikiliza kulianza kuwa jambo la watu wa kawaida. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili Juni 1939. Mwaka 1951 zilianza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Historia za redio nchini huwasifu watangazaji, na wanastahili. Wasikilizaji husahaulika, ilhali walihitaji ufundi wao wenyewe. Mtu wa Kahama mwenye redio ya betri alijua kwamba masafa ya kati, na baadhi ya masafa mafupi, hufika mbali zaidi usiku, kwa sababu wakati huo tabaka la juu la anga hurudisha mawimbi ardhini vizuri zaidi. Alijua kuning'iniza waya mrefu mtini, kugeuza redio hadi mkwaruzo upungue, na kutofautisha Cairo, London na Dar es Salaam kabla jina la kituo halijatajwa. Huo ndio msingi wa skana: kujua masafa gani husikika saa ngapi, na kwa nini.

Kando ya matangazo kulikuwa na mazungumzo ya kazi. Huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na kukua kuwa AMREF, ilijenga mtandao wa simu za upepo uliounganisha hospitali za mbali, nyingi zikiwa za misheni. Polisi, reli na hifadhi za wanyama nao walikuwa na masafa yao. Wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 na miaka iliyofuata, Isaka, kituo cha reli jirani na Kahama, iligeuka kituo kikubwa cha kuhamishia chakula cha msaada kutoka kwenye treni kwenda kwenye malori, na magari ya mashirika yenye antena ndefu yakawa jambo la kawaida barabarani. Kisha ikaja migodi mikubwa ya dhahabu: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Katika migodi ya namna hiyo redio ya mkononi ni chombo cha usalama, kwani kabla ya kulipua mwamba kila dereva lazima awe amesikia amri ya kuondoka.

Kwa muda mrefu skana ilikuwa chombo cha nchi tajiri. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2012, ilipobainika kwamba kifaa kidogo kama flashi, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta, kinaweza kupokea karibu kila kitu kati ya megahezi 24 na 1,700. Kazi iliyohitaji sanduku la gharama kubwa ikahamia kwenye programu ya bure.

Katika nyumba ya Nyasubi jambo la kwanza ni antena, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 75 kwa masafa katika megahezi, jibu ni urefu wa fimbo kwa mita. Kwa sauti za marubani, zilizo kati ya megahezi 118 na 137, fimbo ya sentimita 59 inatosha. Kwa megahezi 1,090, ambako ndege hutangaza mahali zilipo, sentimita 7 zinatosha. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo mita 10,000 juu inaweza kusikika umbali wa kilomita 400, lakini mnara wa uwanja wa ndege wa Mwanza hausikiki Kahama, kwa sababu mviringo wa dunia uko katikati. Msikilizaji mgeni hushangaa kumsikia rubani akijibu mtu asiyesikika. Kifaa chake hakina kasoro.

Hatari kubwa ni radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na Januari 2025 radi iliua wanafunzi wa sekondari wilayani Bukombe, jirani na Kahama. Mlingoti wa chuma uunganishwe na fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, na waya wa antena uchomolewe na kuachwa nje mawingu yanapotanda. Hakuna anayepaswa kugusa mitambo wakati wa ngurumo.

Mazungumzo mengi ya kazi sasa yamehamia mifumo ya kidijiti iliyofungwa kwa siri, na skana ya nyumbani huyapokea kama mlio tu. Sheria nayo inaweka mipaka. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini na kufichua yaliyomo. Kusikiliza redio za utangazaji hakuna shida. Anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Anayetaka pia kusema hewani anahitaji leseni ya redio ya ridhaa, na alama ya wito ya Tanzania huanza na 5H.