Handakini, Moshi Ndio Adui

Hapa Ngagara, mjini Bujumbura, mabasi tunayajua. Treni ni habari ya wanaokwenda Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Sasa reli ya Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, imeanza kujengwa. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2025. Mpango ni kuipitisha Gitega na kuishusha Bujumbura, yaani kutoka milima ya zaidi ya mita 2,000 hadi ziwani, mita 770 na ushei. Bila mahandaki, sijui wahandisi watapita wapi.

Msafiri akiingia handakini huogopa mlima usimwangukie. Historia inaonyesha auogope zaidi moshi. Usiku wa Machi 3, 1944, karibu na Balvano, Italia, treni ya mizigo inayoendeshwa kwa makaa ilikwama handakini ikipanda mlima. Juu yake walikuwapo mamia ya watu waliodandia kwenda vijijini kubadilishana vitu kwa chakula, maana ilikuwa vita. Makaa yalikuwa mabovu, moshi ukajaa, na zaidi ya 500 wakafa bila behewa hata moja kupinduka. Wengi walikuwa wamelala.

Paris ilikuwa imeonja mapema. Agosti 10, 1903, treni ya umeme ya chini ya ardhi iliwaka moto, na katika kituo cha Couronnes abiria wakabaki wakidai warudishiwe nauli. Moshi ukawafikia, taa zikazimika, wakakimbilia upande usio na mlango. Walikufa 84. Baada ya hapo umeme wa taa ulitenganishwa na wa treni, na milango ya kutokea ikawekewa alama zenye mwanga.

Kuna pia hatari ya kukusudiwa. Daegu, Korea Kusini, Februari 18, 2003, mtu alimwaga petroli ndani ya treni ya chini ya ardhi akawasha. Treni ya pili ikaingia kituo hichohicho, umeme ukakatika, ikakwama kando ya moto. Dereva wake alipokimbia alichomoa ufunguo mkuu, milango ikafungwa abiria wakiwa ndani. Kati ya waliokufa 192, wengi walikuwa wa treni hiyo ya pili, si ile iliyochomwa.

Afrika Mashariki haijapata msiba wa namna hiyo handakini. Breki, hilo tunalijua: Igandu, Tanzania, Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyumanyuma mteremkoni ikagonga ya mizigo, wakafa 281. Handaki la Ngong nchini Kenya, lililofunguliwa Oktoba 2019, lina kilomita 4.5 na hupitisha treni za dizeli, kwa hiyo hewa yake si jambo la kupuuza. Mahandaki manne ya Kilosa, Tanzania, yana nafuu kwa kuwa treni zake ni za umeme.

Lakini umeme nao una yake. Mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania lilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu iliyoisimamisha treni. Watu walicheka. Treni hiyo ingesimama ndani ya handaki, abiria wangeona njia kwa taa ipi, na wangetembea upande gani?