Wajomba wa Jasini

Mimi ni wa Vanga, Kenya. Wajomba zangu wako Jasini, Tanzania. Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kutembelewa siku ya Idi tu. Zamani mali ilipita kwake, mpwa ndiye aliyerithi shamba, si mtoto. Basi mpaka ulipokatiza kati ya Vanga na Jasini, ulikatiza kati ya mtu na urithi wake.

Waliouchora mwaka 1886 ni Waingereza na Wajerumani. Walishika mlango wa mto Umba, wakapiga mstari hadi ziwa Jipe, wakauzungusha Kilimanjaro na kuuelekeza ziwa Viktoria. Januari 1915 wakaupigania: majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yaliiteka Jasini kwa vita vya siku mbili kwenye mashamba ya mkonge.

Lakini wazee wetu wakisimulia habari za mpaka, hawaanzi na Wajerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mwingereza alitawala pande zote mbili, shilingi ikawa moja, na mtu wa Vanga alikwenda kuzika Jasini akarudi kulala kwake bila kuulizwa lolote. Mpaka wenyewe, nionavyo mimi, tumejiwekea tukiwa huru. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa pesa zake. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983.

Miaka ile Tanzania sabuni na sukari zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Mama yangu alipita mikokoni usiku kwa mtumbwi, miche ya sabuni imefunikwa jamvi. Kwa polisi yalikuwa magendo. Yeye akisema anakwenda kumtazama kaka yake. Kweli alimtazama. Na sabuni iliyobaki aliiuza, tusimfanye walii.

Sasa Horohoro na Lunga Lunga kuna kituo cha pamoja cha mpaka, mzigo uliobaki ni kitambulisho: wewe ni raia wa wapi. Katiba ya Kenya ya 2010 inakubali uraia wa nchi mbili. Tanzania haimkubalii mtu mzima. Mtoto wa mjomba, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Vanga na ana uraia wa Kenya, angeweza kuudai. Ila angeuacha Utanzania, na sheria ya ardhi huko wakati ule haikumpa asiye raia shamba la minazi aliloachiwa. Tulimshawishi sana. Akatuuliza nani atamlipa minazi yake, tukanyamaza, akaagiza chai.